Kupanga ruta ya CNC ya kujitengenezea: anza na mlango, mota baadaye

Ruta ya CNC ni mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Vijana wanaopita karakanani hapa Unga Limited, Arusha, wakitaka kujitengenezea, huanza na swali lile lile: "Fundi, ninunue mota ya ngapi?" Mota tuiache kwanza. Chukua penseli.

Hatua ya 1: Andika kazi itakayokulipa. Kwangu ni milango ya mkongo na mninga, 900 kwa 2100 mm. Mashine ya kulaza mlango mzima inakula chumba chote. Panga eneo la kuchonga la 1000 kwa 1100 mm, kisha acha ncha mbili za meza wazi, pasiwe na chuma kinachopanda juu ya usawa wake. Unachonga nusu, unausukuma mlango mbele, unamalizia. Pini mbili kwenye matundu ya meza ndizo zitakazokurudisha kwenye mstari.

Hatua ya 2: Chora kutoka ncha ya biti kwenda juu. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo mashine nyingi zinapoharibikia. Chora meza, ubao wa kafara wa 20 mm (unaolazwa juu ya meza ili biti ikipitiliza ikate huo), mlango wa 45 mm, biti, spindo (mota inayozungusha biti), halafu ndiyo daraja linalobeba vyote. Kila mtu anataka Z (mhimili wa kupanda na kushuka) ipande 300 mm, sijui anachonga mtumbwi! Kwa milango, 120 mm inatosha kabisa. Nguzo za pembeni ukizirefusha mara mbili, kwa nguvu ile ile mpindo unakuwa mara 8 ya ule wa mwanzo. Na mpindo huo utauona kwenye mbao: kona ya mraba inatoka na tumbo, duara linatoka yai.

Daraja nalo halipindi tu, linajisokota, kwa sababu biti inavuta ikiwa chini yake. Tumia bomba la mraba, si chaneli wala angle. Chuma kilichofungwa pande zote kinastahimili kusokotwa kuliko kilicho wazi. Reli mbili za daraja zitenganishe kadiri nafasi inavyoruhusu.

Hatua ya 3: Fremu. Mwambie fundi wa kuchomelea apige nukta kwanza kila kona, mpime kona kwa kona mpaka vipimo vilingane, ndipo achomelee kidogo kidogo akibadilisha upande. Moto huvuta chuma. Reli zifungwe kwa boliti, zisichomelewe, ili uweze kuweka vipande vya bati chini yake palipobonyea.

Hatua ya 4: Sasa mota. Stepa, mota inayozunguka kwa hatua, ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva (kifaa kinachoiendesha) ukiiweka kwenye 8, kila hatua inagawanywa mara 8, zinakuwa 1600. Boluskrubu (skrubu yenye gololi ndani ya nati) ya 1605, yaani kipenyo 16 mm, inasogea 5 mm kwa mzunguko, kwa hiyo 1600 ÷ 5 = hatua 320 kwa milimita. Stepa za saizi ya NEMA 23 zinatosha. Kwenye Y (mhimili wa urefu wa meza), ambako skrubu ni ndefu, napendelea 1610: inasogea 10 mm, hivyo kwa mwendo ule ule inazunguka nusu na haichapi kama kamba. Hesabu ya mhimili huo inabadilika kuwa 160.

Hatua ya 5: Umeme. Tunaujua. Ukikatika katikati ya kazi, stepa hazikumbuki zilipokuwa, kwa hiyo tenga nafasi ya swichi za mwisho kwenye kila mhimili tangu kwenye mchoro, ili mashine iziguse na kupata upya mahali pa kuanzia. Tena boluskrubu haijizuii yenyewe: mota ikikosa umeme, spindo nzito inaweza kushuka taratibu na biti ikazama kwenye mninga wa watu. Kwenye Z weka springi ya kuibeba, au skrubu ya trapezo yenye meno ya karibu.

Hatua ya 6: Mchoro wa saizi halisi. Kabla ya kulipia chuma, chora upande mmoja kwenye plaiwudi kwa vipimo kamili. Weka alama ya kila boliti, kisha shika spana na uilaze juu ya kila alama. Boliti ambayo spana haizunguki, ihamishe sasa.