Kamba yenye mafundo: pima kama nchi imepanda

Nilipokuwa navunja mawe ya matumbawe Mikindani, nilikuta makombe ndani ya jiwe, juu kuliko bamvua, yaani maji makuu ya bahari, linapofika. Ama bahari ilishuka, ama nchi ilipanda. Utajuaje?

Piga fundo kila nusu mita kwenye kamba, funga jiwe mwishoni. Vaa viatu, si ndala. Tafuta mfuo uliochimbwa na mawimbi ya kale ukutani mwa mwamba. Teremsha kamba mpaka alama ya bamvua la leo, hesabu mafundo. Rudia sehemu nne tano, mbalimbali.

Vimo vikilingana, yaelekea bahari ndiyo iliyoshuka: miaka kama 125,000 iliyopita ilikuwa juu kwa mita kadhaa. Visipolingana, shuku ardhi: huenda imeinama, au imekatwa na ufa, tetemeko baada ya tetemeko.