Ukipiga mbwa mswaki, anza na Reißzahn
Wanaofuga mbwa Ujerumani, angalieni: daktari wa wanyama akitaja Reißzahn, hasemi chonge. Chonge, yale marefu manne, huitwa Eckzahn au Fangzahn. Reißzahn ni gego la kukatia nyama. Inua mdomo wa juu uhesabu kutoka kwenye chonge kurudi nyuma: ni la nne, kubwa kuliko majirani zake. Tundu la mate liko karibu nalo, ndiyo maana Zahnstein, yaani ukoga uliogeuka jiwe, huwahi kujaa upande wake wa nje.

Usimpanue mbwa kinywa. Inua mdomo kwa kidole gumba tu, laza mswaki laini kwa nyuzi 45 pale jino linapokutana na ufizi (Zahnfleisch), zungusha polepole, sekunde 30 kila upande. Dawa ya meno iwe ya mbwa, kiasi cha punje ya harage. Baadhi ya dawa za watu zina ksilitoli, kiungo cha kutia utamu ambacho ni sumu kali kwake. Fanya hivyo kila siku, kwa sababu ukoga laini huanza kuwa mgumu ndani ya siku 2 au 3. Ukishakuwa jiwe, usiukwangue mwenyewe: ulio chini ya ufizi ndio unaoharibu, na huo husafishwa mbwa akiwa amepigwa nusu kaputi.

Mifupa migumu na pembe za kulungu hupasua gego hilohilo. Kitu kisichobonyea kwa ukucha wako, usimpe. Na ukiona uvimbe chini ya jicho, mara nyingi ni jipu kwenye mzizi wa Reißzahn; mpeleke leo.