Somo: Kikao cha chai na mashairi kwa wanaosomesha watoto nyumbani (someni lote kabla ya kuuliza)

Kwa kuwa swali la namna ya kuendesha kikao cha chai na mashairi huulizwa hapa karibu kila wiki, na kwa kuwa nimechoka kunakili jibu lile lile, ninaliandika mara moja ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Sisi tuko Mombasa, watoto ni wanne, mkubwa ana miaka 14 na kitinda mimba ana miaka 5, na kikao chetu huwa Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Siku nyingine yoyote inafaa, mradi isibadilikebadilike.

Hatua ya kwanza: chai. Kwa watu sita natumia vikombe vitatu vya maji, vikombe vitatu vya maziwa, vijiko viwili vikubwa vya majani ya chai, iliki tano zilizopondwa pamoja na maganda yake, na kipande cha mdalasini. Tangawizi mbichi ichemshwe kwanza ndani ya maji pamoja na majani ya chai, ndipo maziwa yatiwe. Wadogo wapewe mchaichai au maziwa ya iliki. Kitafunio ni chochote kilichopo: mahamri, vitumbua, viazi vitamu vya kuchemsha, hata mkate mkavu.

Hatua ya pili: kukusanya mashairi. Tafuteni diwani moja ya Shaaban Robert, kwa sababu lugha yake haimpi mtoto shida. Ongezeni mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa zamani wa Mombasa, kwa wale waliokwisha kuzoea. Na msidharau kurasa za mashairi magazetini, kwa mfano Taifa Leo, ambako watunzi hujibizana kwa beti na watoto hufurahia kuona mtu mzima akisutwa kwa vina. Mashairi yakatwe, yabandikwe katika daftari moja gumu, nalo likae karibu na birika bila kugusana nalo.

Hatua ya tatu: mahali. Mkeka, sinia, vikombe. Simu zote chumba kingine.

Hatua ya nne: kughani, yaani kulisoma shairi kwa mahadhi. Hapa msiruke mstari hata mmoja, kwa maana hapa ndipo kikao chetu kilipovunjika mwanzoni na ndipo naona familia nyingi zikivunjikiwa. Shairi la arudhi, yaani lenye kufuata kanuni za vina na mizani, limetungwa ili lisikike, na ukilisoma kama taarifa ya habari, kwa sauti iliyonyooka na bila kutua kati ya ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na utao (nusu ya pili), hata shairi zuri hugeuka kuwa orodha ya maneno. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, una pumzi mbili za mizani nane nane. Tua kidogo penye koma, uvute kina cha kati, kisha umalizie. Huhitaji sauti ya mwimbaji wa taarabu. Chagua mahadhi yoyote unayoyajua yanayobeba mizani nane, na utashangaa kuona mahadhi yale yale yanabeba takriban kila tarbia (shairi la mishororo minne kwa ubeti) utakayoikuta, kwa kuwa urefu wa vipande ni mmoja.

Baada ya kughani, nyamaza. Usiulize dhamira ni ipi, usiulize bahari (aina) ya shairi, wala usimwambie mtoto aandike lugha ya nathari. Nilipokuwa nikiuliza hayo kila ubeti, mwanangu wa pili alianza kuugua tumbo kila Alhamisi, naye hakuwa na tatizo lolote la tumbo. Uchambuzi una siku yake na meza yake. Sisi tunaufanya Jumatatu, kwa shairi ambalo limekwisha kughaniwa wiki mbili au tatu, na wakati huo mtoto huwa anajua vina vyake kwa sikio kabla ya kuviita kwa jina. Kama kuna msamiati mgumu, taja maneno mawili au matatu kabla ya kuanza, kisha achana nayo. Onyo la pili: msianze na utenzi mrefu wa Kiamu (lahaja ya Lamu) cha zamani. Mtoto wa bara, na hata wa Mombasa aliyelelewa kwa Kiswahili cha vitabuni, akikutana na “nti” badala ya “nchi” na “moya” badala ya “moja” katika beti mia moja mfululizo, atadhani mashairi ni adhabu. Tendi zitakuja baadaye, beti nne au tano kwa kikao. Onyo la tatu ni kwa wazazi wenyewe: usimsahihishe mtoto katikati ya kughani. Akikosea, mwache amalize. Wewe ukighani tena wiki ijayo atasikia mwenyewe.

Hatua ya tano: kutunga. Hii ni ya hiari, na huja yenyewe watoto wakishazoea mdundo. Anayetaka hutoa mshororo mmoja, mwenzake huujibu. Ubeti huu ni wa kwetu, na kila mshororo una mwenyewe:

Chai imo birikani, mvuke wake wafuka,
Vitumbua siniani, haraka vinapunguka,
Sote tuko mkekani, vicheko vinasikika,
Karibu nawe jirani, kunywa na kuburudika.

Hesabuni kwa vidole na mtapata nane kwa nane. Mtoto wetu mdogo alidai kwamba “mkekani” ina mizani tatu, nasi tukampigia makofi m, ke, ka, ni mpaka akaridhika kwamba ile “m” inasimama peke yake.

Maswali ya wanachama

Mama Twaha: Ahsante kwa somo. Nimejaribu leo lakini maziwa yamekatika, chai ikawa mabonge matupu. Tatizo ni maziwa ya dukani?

Jibu: Ulitia tangawizi mbichi pamoja na maziwa. Soma tena hatua ya kwanza.

Mama Twaha: Ni kweli, niliruka sentensi hiyo. Lakini kwa nini ikatike?

Jibu: Hilo sasa ni swali zuri. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha protini za maziwa, na joto la mchemko hukiharibu. Ndiyo maana tangawizi iliyotangulia kuchemka katika maji haileti shida, na ile ya unga aghalabu haileti shida kubwa kama mbichi. Waonyeshe watoto kwa makusudi: gawa maziwa vuguvugu katika vikombe viwili, kimoja ukamulie maji ya tangawizi mbichi, kingine maji ya tangawizi iliyochemshwa, na umepata somo la sayansi ndani ya kikao cha mashairi.

Msomi wa Kisauni: Naomba anitumie mtu mashairi yote ya mwaka mzima yakiwa yamepangwa kwa umri.

Jibu: Hatua ya pili.

Msomi wa Kisauni: Nimeisoma, lakini sina muda wa kukata magazeti.

Jibu: Basi mpe mtoto mkubwa mkasi. Kukusanya ni sehemu ya somo, na daftari ambalo mtoto alilibandika kwa mkono wake hulifungua bila kuitwa.

Baba Imani: Naomba radhi kwa kusema wazi, lakini mambo haya ya kukaa na chai na kusoma mashairi ni ya Wazungu. Kwa nini tuige kila kitu chao?

Jibu: Utaratibu wa kutenga siku moja ya wiki kwa chai na mashairi umeenezwa sana na familia za Marekani zinazosomesha watoto nyumbani, na sina haja ya kulificha hilo. Lakini ukisema kwamba kinywaji cha moto na ushairi havikuwahi kukaa pamoja kwetu, umezisahau baraza za Mombasa na Lamu na kahawa zake. Muyaka alifariki mwaka 1840, na mengi ya mashairi yake yaliandikwa miaka mingi baadaye, pale Mwalimu Sikujua aliposhirikiana na mmishonari W. E. Taylor kuyakusanya, katika muda wote huo yalikuwa yamehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika vifua vya watu, na shairi halikai kifuani kama halighaniwi mbele ya wenzio. Zaidi ya hayo, Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na mwanzoni mwake anamwita asogee karibu achukue wino na karatasi. Mama, mtoto, nyumbani, beti. Sijui unataka mfano gani wa karibu zaidi.

Baba Imani: Nimekuelewa. Sikuwa na nia ya kukukera.

Jibu: Hujanikera sana. Jaribu Alhamisi moja, kisha uje unikosoe.

Baba Furaha, Toronto: Watoto wangu wanaelewa Kiswahili cha kuombea chakula na kufokewa tu. Wakisikia tarbia wanatazamana. Je, nianze na mashairi ya Kiingereza kwanza, au kuna njia ya kuwaingiza moja kwa moja?

Jibu: Waingize moja kwa moja, kaka, lakini kupitia kiitikio. Tafuta mashairi ambayo mshororo wa mwisho hurudiwa kila ubeti, yaani yenye kibwagizo. Wewe ghani mishororo mitatu ya kwanza, nao wapokee wa nne. Katika shairi la beti sita mtoto atakuwa ametamka mshororo ule ule mara sita, akiwa na sababu ya kuutamka, na kabla chai haijaisha atakuwa anaujua. Wiki ya pili mpe na mshororo wa tatu. Kabla ya shairi, tegeni vitendawili viwili vitatu kwa utaratibu wake kamili, “kitendawili” na “tega”, kwa kuwa hapo hata asiyejua jibu ana neno la kusema, na akishindwa hutoa mji. Mashairi ya Kiingereza yapeni kikao chao. Mkichanganya siku moja, Kiingereza kitakula Kiswahili, jambo ambalo naamini umekwisha kuliona nyumbani.

Baba Furaha, Toronto: Ahsante sana. Na mahadhi nitayatoa wapi, nami siimbi?

Jibu: Wimbo wowote uliofundishwa na bibi yako na wenye vipande vya mizani nane utakutosha. Jaribu ule ubeti wa chai hapo juu kwanza, na usipoingia katika wimbo huo, badilisha wimbo, usibadilishe maneno.

Ummu Layla: Binti yangu wa miaka 11 ameuliza jambo nikashindwa kumjibu. Katika “mtu mbaya” anahesabu mizani tano, lakini katika “nyumba mbaya” anapata nne, na anasema si haki. Je, amekosea?

Jibu: Hajakosea hata kidogo, na mpe kikombe cha ziada. M-tu m-ba-ya ni tano. Nyu-mba mba-ya ni nne. Katika “mtu mbaya” ile “m” ni kiambishi cha ngeli ya watu, kilichotokana na “mu”, nayo hutamkwa kama silabi kamili. Katika “nyumba mbaya” ile “m” imeungana na “b” na haisimami peke yake. Mwambie aweke kiganja chini ya kidevu na aseme yote mawili polepole, atahisi tofauti. Kisha mwulize kuhusu “mbu” na “mbuzi”. Mbu ni mizani mbili, m-bu, na mbuzi pia ni mbili, mbu-zi. Mwache ahangaike na hilo mpaka Alhamisi.

Ummu Layla: Amekwisha kuanza kuhangaika. Swali la mwisho: mwezi wa Ramadhani mnafanyaje, maana chai ya alasiri haipo?

Jibu: Kikao huhamia baada ya tarawehe, kwa nusu saa tu, na vitafunio huwa vile vilivyobaki katika futari, hasa kaimati. Tunaghani kaswida na beti chache za tendi za dini, kwa hiyo mwezi huo ndio tunaoutumia kuwazoesha watoto utenzi: kila kipande mizani nane, vipande vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja, na cha nne kikibeba kina kile kile kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Msiweke majani mengi ya chai usiku, la sivyo hakuna atakayeamka kula daku.