Jinsi ya kupiga sini ya chumba cha mavazi, London 1660

Mpango wa filamu ni huu: chumba kimoja, sini mbili, gauni moja. Hadi mwaka ule, kwenye majukwaa ya London nafasi za wanawake zilichezwa na wanaume. Tarehe 11 Oktoba 1660 mwanamume anavikwa nguo za Desdemona, mke anayeuawa katika tamthilia ya Shakespeare, Othello. Tarehe 8 Desemba nguo zilezile anavikwa mwanamke, na yule mwanamume ndiye anayekaza kamba. Kila sini ipewe dakika 4.

Wahusika wawe wa kubuni, ila tarehe ni za kweli. Oktoba hiyo Samuel Pepys, mkazi wa London aliyependa michezo, aliandika katika shajara yake kwamba alikwenda kutazama Othello, na mwanamke mrembo aliyekaa karibu naye akapiga ukelele Desdemona alipozibwa pumzi. Desemba, kampuni ya maigizo ya Thomas Killigrew ilimpandisha mwanamke jukwaani kwa nafasi hiyohiyo, katika ukumbi wa Vere Street uliokuwa kwanza uwanja wa tenisi wa ndani. Wataalamu wanabishana kama alikuwa Margaret Hughes au Anne Marshall, kwa hiyo msimpe jina lolote.

Ukelele ule ndio uwaongoze. Watazamaji wetu wamezoea mwanamume mwenye gauni kuwa kichekesho. Akitokea tu, kicheko kinaanza. Kwa Pepys na wenzake ilikuwa sanaa yenye mafunzo ya miaka, wavulana wakifundishwa na waigizaji wakubwa. Mwigizaji wenu akitikisa kiuno au kubana sauti puani, filamu imekufa hapo hapo. Acheze kama fundi aliye kazini.

Gauni

Anzeni na gauni, maana hadithi imo mgongoni mwake. Kiwiliwili cha gauni la miaka ile kilikuwa kigumu chenyewe, kimetiwa mbavu na kufungwa kwa kamba nyuma. Kateni matabaka mawili ya maradufu, mshone mifereji ya milimita 10, mpitishe kebo tai (vifungio vya plastiki vya nyaya) za upana wa milimita 9. Ncha zake zichongwe ziwe mviringo. Zikiachwa kali zitatoboa kitambaa na kumchoma mtu kwapani. Juu yake wekeni pamba nzito au hariri. Satini ya poliesta hung'aa vibaya kwenye mwanga wa mshumaa, na ikishika moto huyeyukia kwenye ngozi.

Matundu ya kamba yawe 14 kila upande, yakipishana sentimita 2.5, yashonwe kwa mkono kwa uzi mnene. Msiweke vikuku vya chuma vya kuzungushia matundu, hivyo ni vya karne ya 19. Kamba ni moja, ya mita 3, inapanda kwa kuzunguka kama springi, haikatizi msalaba kama kamba za viatu.

Sasa jambo la muhimu kuliko yote: kateni kwa kipimo cha mwanamke. Kwake mgongo ufunge na kubaki mwanya wa sentimita 2. Kwa mwanamume mwanya utabaki 8 au 9, na shimizi nyeupe ionekane katikati. Hakuna haja ya mtu kusema neno, mwanya umeshasema.

Chini ni shimizi ya merikani, magagulo mawili na sketi yenye upindo wa mita 3.5 iliyokusanywa kwa marinda. Mabega ya gauni hukaa chini sana, mkono haupandi juu ya kichwa. Ishara zote hutoka kwenye kiwiko kushuka. Kwa hiyo wote wawili wafanye mazoezi ndani ya nguo saa moja kila siku kwa wiki nzima. Asiyefanya hivyo ataonekana anapigana na gauni mbele ya kamera.

Uso

Poda nyeupe ya wakati ule mara nyingi ilikuwa ya madini ya risasi, sumu kabisa. Kwenye bakuli wekeni wanga wa mahindi. Kama mwigizaji ni mweusi, msimpake weupe: wanga kwenye ngozi nyeusi hutoa rangi ya jivu, na mtazamaji ataacha hadithi aanze kutazama jivu. Tumieni msingi wa rangi ya ngozi yake, wekundu kidogo kwenye mashavu na midomo, na kiraka kimoja cha kitambaa cheusi cha milimita 5, kibandikwe kwa gundi ya kope.

Onyesheni kunyoa. Mwigizaji Colley Cibber alisimulia mwaka 1740 kwamba Mfalme Charles II aliwahi kungojeshwa kwa sababu mwanamume aliyecheza malkia alikuwa bado ananyolewa. Wembe uwe butu, na kamera iwe karibu kiasi cha kusikia ukikwaruza.

Mwanga

Michezo ilianza kama saa tisa alasiri. Oktoba bado kuna mwanga wa dirishani: pitisheni taa ya 5,600 K (kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) nyuma ya shuka jeupe, kimo cha mita 2.5, kamera iwe 4,000 K. Desemba zimeni taa hiyo. Kalenda ya Uingereza ilikuwa nyuma kwa siku 10, kwa hiyo tarehe 8 yao ni 18 yetu, na London jua huzama hata kabla ya saa kumi. Hapo ni mishumaa 6 na taa ndogo ya LED yenye karatasi ya chungwa, ifichwe nyuma ya sanduku. Kamera iwe 3,200 K. Mkiiacha ijichagulie rangi, itaifuta dhahabu yote ya mshumaa.

Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, lenzi f/1.8, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 1,600. Kamera ndogo ikipita ISO 3,200 huanza chenga. Kwa f/1.8 hatua moja mbele inaondoa fokasi, basi bandikeni alama sakafuni. Badilisheni mishumaa kila dakika 15, la sivyo kwenye uhariri itakuwa inapanda na kushuka kimo. Feni zizimwe, na ndoo ya mchanga iwe na mtu wake.

Utambi wa zamani haukujila wenyewe, ulipaswa kukatwa mara kwa mara. Mpeni mvishaji makasi madogo aukate katikati ya mazungumzo, bila kuutazama. Ishara hiyo moja ina thamani kuliko fanicha yote mtakayokodi.

Sauti

Pepys alipomtazama Edward Kynaston, kijana aliyecheza nafasi za wanawake, tarehe 18 Agosti 1660, alimsifu kuwa bibi mzuri kuliko wote aliowahi kuona, ila sauti haikuwa nzuri sana. Mwigizaji asipandishe sauti. Avumishe kwa mdomo uliofumbwa dakika 5, asikie mtetemo kwenye midomo badala ya kifuani, kisha aseme kwa sauti yake ya kawaida akiacha mwisho wa sentensi uelee.

Desemba, sauti kubwa itoke nje ya mlango: utangulizi wa mshairi Thomas Jordan, ulioandikwa kwa siku ile, ukiwakejeli wanaume wa miaka arobaini na zaidi wanaocheza wasichana wa miaka kumi na mitano, kwamba ukimwita Desdemona linaingia jitu. Rekodini kando, mpunguze sauti za juu ili isikike imepita ukutani. Watazamaji wanacheka huko. Humu ndani mwanamume anapitisha kamba tundu la tisa. Msikate kwenda usoni kwake. Bakini kwenye vidole mpaka mwanya ufunge.

Maandishi ya mwisho yasidai kwamba wanaume waliacha usiku ule. Tarehe 7 Januari 1661 Pepys alimwona Kynaston katika mchezo mmoja akiwa mwanamke maskini, kisha bibi mwenye mavazi ya fahari, kisha mwanamume. Hati ya kifalme iliyoruhusu nafasi za wanawake zichezwe na wanawake ilitoka 1662.