Kuzipa mboga changa jua lenye UV kabla ya kuvuna

Trei ya figili changa (miche inayovunwa na kuliwa ingali midogo) iliyokulia nyuma ya dirisha, hata ikipigwa na jua kutwa, huwa haijapata UV-B, aina moja ya mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho (UV). Kioo cha kawaida hupitisha mwanga, joto na sehemu kubwa ya UV-A, lakini huzuia karibu UV-B yote, yaani mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 280 hadi 315. Na UV-B ndiyo tunayoitafuta. Jani likiipata kwa kiasi, protini iitwayo UVR8 huitambua, na mmea huanza kujitengenezea kinga: flavonoidi, yaani kemikali zinazolikinga jani na mionzi, na kwa mimea kama kabichi nyekundu, anthosianini, ile rangi yake ya zambarau. Figili, sukuma wiki na brokoli mara nyingi huongeza pia glukosinoleti, zile zinazoleta ukali ulimini.

Usitegemee jua liongeze chuma au kalsiamu. Madini hutoka kwenye mbegu, maji na udongo. Vitamini D nayo usiitafute hapa, bali kwenye uyoga ulioanikwa juani.

Anza na kabichi nyekundu au figili yenye shina jekundu, kwa sababu rangi yenyewe itakuonyesha kazi inavyokwenda. Trei ya sentimita 25 kwa 50 hutosha takriban gramu 30 za mbegu za figili, au 18 za kabichi. Mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi ya waridi au buluu zimetiwa dawa. Hizo ni za shambani, usizile zikiwa changa. Tandaza kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sentimita 2 au 3, loanisha, mwaga mbegu, kisha funika kwa trei nyingine yenye uzito juu yake kwa siku 2 hadi 3. Baada ya hapo zipe mwanga, na maji yaingie kutokea chini ili majani yabaki makavu.

Majani mawili ya kwanza yakishafunguka vizuri, kama siku ya 6, zitoe nje. Siku ya kwanza dakika 20, ya pili 40, ya tatu 60, kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu asubuhi. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, endelea, kikilingana na kimo chako, rudisha trei ndani. Kila ukipanda mita 1,000 UV huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo aliye Nairobi aanze na dakika chache kuliko aliye Mombasa. Usiweke trei juu ya bati wala saruji iliyokwisha kupata moto. Pia nailoni ya kitalu nyumba mara nyingi hutiwa kizuia UV, hivyo kuwa chini yake si sawa na kuwa nje.

Ukitaka kujua ni UV na si mwanga tu, funika nusu ya trei kwa kipande cha kioo cha dirisha, ukikiinua sentimita 5 juu ya majani ili hewa ipite. Baada ya siku 3 tazama mashina kwa karibu: upande ulio wazi kwa kawaida huwa mfupi kidogo na wenye zambarau iliyokolea. Ufupi huo ndio gharama yake. Utavuna uzito pungufu, na anayeuza kwa gramu alizingatie hilo.

Majani yakilegea, mwagilia. Kama ni kiu, yatasimama ndani ya saa moja hivi. Yakijikunja kingo, yakang'aa kama shaba au yakatoka mabaka meupe, yameungua na hayatapona. Punguza muda kwa nusu kwenye trei inayofuata. Baada ya jua la mwisho subiri hadi kesho yake asubuhi ndipo ukate, maana rangi na flavonoidi hujengeka kwa saa nyingi baada ya mionzi.

Taa ya kukaushia kucha saluni hutoa UV-A, si UV-B. Taa ya kuua vijidudu, ya nanomita 254, ni UV-C: huunguza majani, na macho yako pia. Usiitumie.

Choroko na uwatu vilivyooteshwa gizani vinahitaji uangalifu zaidi. Suuza, chuja, vipe dakika 10 tu, kisha suuza tena, kwani hukauka upesi. Jua haliviui vimelea vilivyojificha kwenye nyufa za mbegu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, uwatu ulioota ulihusishwa na mlipuko wa bakteria wa E. coli ulioua zaidi ya watu 50. Watoto wadogo, wajawazito na wazee wapikiwe choroko hizo hadi ziive.

Figili na kabichi changa zisichemshwe: anthosianini huishia kwenye maji, na joto huharibu kimeng'enya kinachozifanya glukosinoleti ziwe na faida. Zikate, zioshe, uzitie kwenye kachumbari mwishoni kabisa, wakati wa kuandaa mezani.