Vibao vya plastiki yenye sura ya dhahabu: namna ya kuvichonga vidumu pwani

Hivi karibuni nilimsaidia fundi mwenzangu wa Tanga kutengeneza upya vibao vya nyumba ya wageni iliyo karibu na bahari. Vile vya kwanza vilikuwa havijamaliza mwaka, lakini dhahabu yake ilikwisha pauka, na kandokando ya kila herufi utando ulikuwa umeanza kubanduka. Mashine yake ya kuchongea kwa leza (mwale mkali wa mwanga) ni nzima na mkono wake ni mzuri; kilichomponza ni plastiki aliyoichagua.

Hatua ya 1: Kuchagua plastiki. Nyingi zenye sura ya shaba au dhahabu ni za tabaka mbili, yaani kiini cha ABS, plastiki ngumu ya kawaida, na juu yake utando mwembamba sana wenye mng'ao. ABS isiyokingwa haihimili mionzi ya urujuanimno ya jua: hugeuka manjano, kisha huwa rahisi kuvunjika. Ukichonga kwa mbele unaukata utando huo, na unyevu wa chumvi hupenya kupitia kila herufi. Kwa kazi ya nje mimi hutumia akriliki angavu, yaani plastiki ngumu inayopenyeza mwanga kama kioo, iliyopakwa rangi ya metali mgongoni, ichongwayo kwa nyuma, kwa kuwa hapo jua hukutana na akriliki yenyewe, ambayo hulistahimili kwa miaka mingi. Vile vya utando nawaachia watu wa ofisini.

Hatua ya 2: Geuza maandishi kama yaonekanavyo kwenye kioo, kisha chonga mgongoni, ili yakitazamwa kwa mbele yasomeke sawasawa.

Hatua ya 3: Kujaza rangi. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima. Nilijaza herufi kwa rangi ya mafuta iliyochanganywa na thina, nikafuta iliyozidi kwa spiriti, na kabla ya jioni nyufa nyembamba kama nywele zilikuwa zimetapakaa kuzunguka kila herufi. Nililaumu leza, nikapunguza nguvu yake, nikachonga kibao kingine, na nyufa zikarudi vilevile. Sababu ni kwamba joto la leza huacha mkazo ndani ya akriliki, na kiyeyushi chochote kikali, kama thina au spiriti, kikigusa mahali hapo, mkazo huo hufunguka kwa kupasua. Tumia rangi ya maji, na ufute kwa kitambaa chenye maji matupu. Ukilazimika kutumia rangi ya mafuta, kwanza pasha kibao ndani ya jiko la oveni katika joto la nyuzi 80 za Selsiasi kwa saa kadhaa, kisha zima jiko na ukiache kipoe humohumo taratibu. Ukikitoa kingali moto, unarudisha mkazo uliokwisha kuuondoa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki, na ukiache kilale hadi kesho yake kabla ya kukiamini.

Hatua ya 4: Kufunga. Akriliki ya urefu wa sentimita 60 hurefuka kwa karibu milimita 1.7 joto lake likipanda kwa nyuzi 40, kwa hiyo tundu lizidi unene wa skrubu kwa milimita 2, na skrubu isikazwe hadi mwisho. Chukua skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Zile za 304 hutoka madoa ya kutu karibu na bahari.

Hatua ya 5: Mwonyeshe mfanya usafi kwamba kibao huoshwa kwa maji na sabuni laini, na kwamba dawa ya vioo yenye amonia isikiguse.