Ziara ya basi kwenye mashamba ya mizabibu Ufaransa, kwa anayetoka Mombasa

Kabla ya bei na picha za makasri, hesabu maghala ya divai yaliyopangwa kwa siku moja. Mawili yanatosha. Yakiwa manne, utashinda ukipanda na kushuka basi, na ukifika la tatu ulimi umeshakufa ganzi. Kila ghala huonjesha aina tatu hadi sita, na mmimino mmoja ni kama mililita 50. Aina sita ni mililita 300, yaani asilimia 40 ya chupa ya kawaida, na hapo hujala chakula cha mchana.

Kisha tazama umbali. Mwenye siku moja tu Paris aende Champagne: mji wa Reims uko kilomita 145 hivi, basi huenda na kurudi bila kumchosha mtu. Beaune, kule Bourgogne, ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo lala huko. Bordeaux inakaribia kilomita 590. Ziara ya maana hukupeleka kwa treni ya kasi, saa mbili na dakika kidogo, halafu basi likakupokea kituoni. Anayekuahidi Bordeaux kwa basi kwenda na kurudi siku moja kutoka Paris, muulize ana madereva wangapi. Sheria ya Ulaya humpa dereva saa 9 za kuendesha kwa siku (10 mara mbili tu kwa wiki), na kila baada ya saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Ndiyo sababu basi halimngoji mtu. Dakika 20 za kumsubiri aliyepotelea dukani hukatwa kwenye ghala la mwisho.

Msimu nao una mitego yake. Mavuno huwa Septemba hasa, na pichani hupendeza, lakini mashamba mengi madogo hufunga milango kwa wageni kwa sababu kila mkono uko shambani. Mei na Juni ni salama zaidi. Jumapili ya tatu ya Novemba epuka kulala Beaune bila kuagiza chumba mapema: huo ndio wakati wa mnada wa divai wa Hospices de Beaune, hospitali iliyoanzishwa 1443.

Viza ni ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai miezi mitatu baada ya kutoka Ulaya. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Kosa linaloangusha wengi ni usiku usiokuwa na maelezo: ziara ni ya siku tano, tiketi ya ndege ni ya siku tisa, na hakuna hoteli inayoonyesha utalala wapi siku zilizobaki. Jaza kila usiku.

Kwenye basi, kaa katikati, mbali na magurudumu ya nyuma, ikiwa kichefuchefu hukusumbua. Barabara za vilimani hujipinda sana. Funga mkanda, maana faini ya abiria asiyefunga ni euro 135. Beba sarafu za euro, baadhi ya vyoo vya njiani hulipiwa. Sweta lisikose hata Julai: maghala ya chini ya ardhi ya Champagne hukaa nyuzi 10 hadi 12, na kwa mtu wa Mombasa huko ni ndani ya friji. Viatu viwe bapa vyenye soli ya mpira. Basi kubwa haliingii vichochoroni Saint-Émilion, mji mdogo wa kale karibu na Bordeaux, na vile vichochoro ni mawe matupu, mteremko mkali.

Sasa lile ambalo sisi watu wa Pwani hatuambiwi: siku ya kuonja, usijifukize udi wala kupaka halud au marashi. Divai hunuswa kabla ya kunywewa, na nguo iliyofukizwa inaiharibia meza nzima. Shika glasi kwa mguu wake, izungushe polepole, nusa, chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha teme kwenye ndoo iliyo mezani. Kutema si utovu wa adabu, ndivyo wafanyavyo wenyewe. Mabaki ya glasi pia humwagwa humo.

Asiyekunywa ana nafasi yake kwenye basi hilo, ila aseme wakati wa kulipia, wala asingoje mezani. Aombe maji ya zabibu, na aandikishe chakula kisicho na pombe wala nguruwe. Kusema tu "sili nguruwe" hakutoshi, kwa kuwa nyama ya ng'ombe ya Bourgogne hupikwa ndani ya divai nyekundu, kuku wa coq au vin vilevile, na vile vikeki vya Bordeaux viitwavyo canelé hutiwa ramu.

Ukinunua zaidi ya euro 100 katika duka moja, omba fomu ya kurudishiwa kodi, na uiskani kwenye mashine ya forodha uwanjani kabla sanduku halijaondoka, kwani forodha wanaweza kutaka kuona mzigo. Chupa haziingii kwenye begi la mkononi. Tia kila moja ndani ya mfuko wa nailoni, ifunge, izungushie leso mara mbili, uilaze katikati ya sanduku, isiguse ukingo wala chupa mwenzake. Ya champeni ikijaa hukaribia kilo 1.6, kwa hiyo pima kabla.

Kenya humruhusu mtu mzima lita 2 za divai bila ushuru. Chupa mbili ni lita 1.5, ya tatu inavuka. Ukifika nyumbani, usiiweke divai juu ya kabati la jikoni. Joto hufanya divai itanuke na kusukuma kizibo, na ladha huiva kama matunda yaliyochemshwa. Ilaze ndani ya friji, rafu ya chini kabisa, na usiiache kwenye buti la gari ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni.